Moshi Hauzibi Masikio

Rusimbi,
9 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mguu wako, na mbuzi, na Hono wangu. Huku sisi tupo. Mtoto mdogo, Dismasi, mchana ananyonya na kulala, jua likizama ndiyo kwanza anaamka. Baba yao Elikana yuko ziwani upande wa kusini, atarudi mbalamwezi ikitoka, maana dagaa hawavuliwi kwenye mwanga. Mimi ukiniuliza hali nitasema sijambo, ila ni kama sijambo ya mtu mwingine. Naosha, napika, naenda Kibirizi kuanika dagaa na mtoto mgongoni, narudi. Jana nilisimama na jagi mkononi, nisijue nilikuwa nataka kulijaza au kulimwaga.

Nimekupigia simu wiki nzima. Inaita weee mpaka inakata. Ndiyo maana naandika. Barua nimempa Rozalia, kwa sababu akimaliza kuuza mawese yake hapa mjini anarudi huko huko Kidahwe.

Nina neno moja. Hono ulipomleta Krismasi, jirani yangu Mwanvua, yule wa Ujiji tunayepanga naye nyumba moja, aliangusha sufuria nyuma yake. Sufuria kubwa la pilau, kwenye sementi. Mimi na tumbo langu lote niliruka. Hono aliendelea kuchezea vifuniko vya soda.  Juzi ndiyo Mwanvua kasema, "Mama Hono, yule mtoto mpimeni masikio." Nikamwambia mwanangu hana shida, ni mkaidi tu kama bibi yake. Akasema, "Mkaidi anasikia kwanza, Mama Hono, halafu ndiyo anakataa."

Naomba unifanyie kitu kimoja. Hono akiwa amekupa mgongo, mwite. Usimguse, usikanyage chini kwa nguvu, usimwonyeshe chakula. Mwite tu kwa jina. Kisha uniandikie.

Nakutumia dagaa, sabuni ya mche na samaki mmoja, mgebuka. Ule mgebuka mkavu, kichwa mwachie Hono.

Mwanao,
Happiness


Kidahwe,
21/2/2024

Kwa mwanangu Hepi,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mguu unauma wakati wa mvua tu, na mvua ni kila siku. Hono mzima. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja amekufa. Dagaa nimepata, walikuwa na mchanga. Mwambie mwenye kuanika aangalie anapoanika, najua ni wewe.

Simu imeharibika. Inaita, lakini ukipokea mtu anaongea kama amefunikwa mtungi. Usihangaike nayo.

Barua nimeisoma kwa miwani ya Mzee Eliakimu na imenichoma. Huyo Mwanvua mtoto wangu amemwona siku mbili. Mimi ninaye tangu ulipomwachisha ziwa. Hono anasikia. Kila asubuhi nikitoka nje namsalimia kama tunavyosalimia sisi Waha, si kama huko mjini mnavyopungiana mikono kama mnafukuza inzi. Nainama, napiga viganja, nasema Mwakeye. Na yeye anainama, anapiga viganja vyake, hata mimi sijamaliza. Sasa niambie, mtoto asiyesikia salamu anaijibuje?

Kuongea ataongea. Shangazi yako alinyamaza mpaka watu wakasema bubu, na leo ukimweka kwenye msiba wenzake hawapati nafasi ya kulia.

Na wewe ule. Tia mawese kwenye chakula, usile kavu. Mzazi asipokula ndiyo anaanza kuona mambo. Mtoto wangu mwache alivyo.

Mama yako


Rusimbi,
15 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Najua salamu yangu huitaki, lakini nakupa. Umeamkaje, na mguu je? Sisi tumefika salama, mimi na watoto wote wawili. Nisamehe nilivyoondoka. Nilikuja Kidahwe kuangalia, sikuja kuchukua. Wazo la kumchukua Hono lilikuja pale pale uani kwako.

Nilikuuliza kama umemwita akiwa amekupa mgongo, ukanijibu habari za shangazi. Ndiyo maana nikapanda gari. Ukasema nimeingia kama mwizi. Mama, nilipiga hodi. Nilipiga hodi mpaka jirani wa ng'ambo ya barabara akaitika karibu. Wewe ulikuwa umeinamia mafiga, Hono amekaa juu ya kinu, wote mmenipa mgongo. Nikasimama nyuma ya Hono nikapiga viganja, nikasema Mwakeye. Kimya. Nikapiga kwa nguvu, kuku wakatawanyika. Kimya. Nikazunguka mbele yake, nikainama, nikafanya kama napiga viganja lakini sikuvigusanisha, hapakuwa na mlio wowote. Akaruka chini, akainama, akapiga viganja vyake vizuri kabisa, kama ulivyosema.

Anasalimia kwa macho, Mama. Anajibu anachokiona.

Hospitali walimpima kwa mashine. Mtaalamu ni kijana, aliongea nami polepole. Alisema hasikii, masikio yote mawili, na pengine hajawahi kusikia tangu azaliwe. Akaniuliza kama nina swali. Nikauliza choo kiko upande gani. Huko chooni sikulia. Nilinawa mikono, nikaikausha kwenye kanga, nikarudi nikachukua karatasi yangu. Mpaka leo sijalia. Aliyelia ni Mwanvua, nikamchemshia chai.

Kijana yule alisema nisimlaumu mtu, na mimi simlaumu mtu. Alisema pia kuna shule hapa mjini yenye darasa la watoto wasiosikia, wanafundishwa kuongea kwa mikono. Wanaanza wadogo kama Hono, mwezi wa saba. Miezi ya mwanzo mzazi au mlezi anakaa naye humo humo darasani ajifunze pamoja naye, ili mtoto akirudi nyumbani amkute mtu wa kuongea naye. Hono atasoma hapo. Hilo sikuulizi, nakuarifu.

Shida yangu ni hii: hali chakula. Anasimama mlangoni kutwa. Ananiambia kitu na mimi simwelewi. Anakuna kidevu kwa vidole viwili, ananiangalia. Nikimpa maji anayamwaga. Nikimpa uji anausukuma. Anakuna tena kidevu, anakuna mpaka anachoka, analala pale pale sakafuni. Wewe unaijua maana yake?

Mwanao,
Happiness


Rusimbi,
3 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Rozalia kaniambia umesema huna la kuandika. Sawa. Mimi sijambo, Dismasi kapata mafua.

Hono bado anakuna kidevu. Amepungua, nikimbeba naona.

Mwanao,
Happiness


Kidahwe,
8/4/2024

Hepi,

Salamu. Nilikuwa na hasira na bado ninayo, lakini mtoto hawezi kukaa na njaa kwa hasira yangu.

Kukuna kidevu ni mbuzi. Zile ndevu. Anakuuliza mbuzi wako wapi. Mpeleke akaone mbuzi, wa mtu yeyote.

Akigonga goti ni mimi, kwa sababu ya huu mguu. Akiuma kidole ana njaa. Akizungusha kiganja tumboni ameshiba, usiongeze. Kama ulikuwa unaona tumbo unapakua na ukiona kidole unamwambia acha kula kidole, basi ndiyo maana. Mikono miwili ikishuka hivi kama anamwaga mchele ni mvua. Akipuliza kiganja ni jivu, maana yake moto umezimika, au kitu chochote kilichokwisha. Pasaka ya mwaka jana Mzee Eliakimu alipomaliza sala yake ndefu, Hono alipuliza kiganja. Nilicheka kanisani.

Akiziba jicho moja anataka kujificha umtafute. Akilaza vidole kwenye mkono wako na kuvitembeza, anataka umpake mafuta. Yapo mengine, yananijia ninavyoandika. Sikujua kama ni maneno. Nilidhani tunacheza. Nimekaa hapa na kalamu naona yanakuja tu, mengine sikumbuki ni mimi niliyaanza au ni yeye.

Nyumba imekuwa kimya. Naandika kimya, ila ilikuwa kimya toka zamani. Nataka kusema hakuna anayenitazama.

Mama yako


Rusimbi,
19 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa Kibirizi, mikono ina magamba, imebaki inanuka. Nimeikunja nimeiweka kwenye kopo la majani ya chai.

Tumekwenda Ujiji, kwa kaka yake Mwanvua, anafuga mbuzi nyuma ya nyumba. Hono aliwatazama. Akashika sikio la mmoja, akalifungua akachungulia ndani, akaliacha. Tukarudi. Nikampakulia ugali wa muhogo na dagaa, akala, akauma kidole, nikaongeza, akala, akazungusha kiganja tumboni. Nikaondoa sahani. Ndiyo mara ya kwanza mimi na yeye tunamaliza chakula bila kugombana. Nilikaa naangalia ile sahani. Shuleni walinikaririsha mito ya Afrika yote, na neno la mwanangu la njaa sikulijua. Nilikuwa naliona kila siku nikadhani ni tabia mbaya.

Sasa kila nikirudi kazini ananifundisha. Ananishika kidole anakipeleka kinapotakiwa kwenda. Nikikosea ananipiga kofi dogo la mkono, kama mwalimu wangu wa darasa la pili. Dismasi analia, namnyonyesha, na mkono mmoja najifunza mvua.

Kuna moja hukuniandikia. Anaweka kiganja kifuani, anakisogeza mbali, mbali, mpaka mkono unanyooka. Halafu ananiangalia mimi. Nilidhani anataka gari aje kwako. Nikamwonyesha gari barabarani, akatikisa kichwa. Ni nini hiyo?

Na nikuulize jambo, usinikasirikie. Siku ile ulisema hukusikia hodi kwa sababu ya moshi. Moshi unaziba macho, Mama, hauzibi masikio. Simu yako Rozalia ameijaribu, anasema inasikika vizuri tu. Anasema pia akikukuta njiani akakuita hugeuki, mpaka akuguse bega. Imeanza lini?

Mwanao anayekupenda,
Happiness


Kidahwe,
5/5/2024

Mwanangu,

Salamu zako nimepokea. Wewe na Rozalia mmepata kazi ya kufanya.

Nianze na la masikio, ni jepesi. La kushoto lilianza kabla ya msiba wa baba yako, la kulia likafuata. Kubwa nalisikia, radi, gari la mizigo. Watu wanakuwa kama redio ya jirani, unajua inaongea, hujui inasema nini. Kanisani naimba kwa kutazama mdomo wa mwanakwaya wa mbele, nachelewa kidogo, wanadhani ni madaha yangu. Sikusema kwa sababu huku ukisema husikii watu wanakusema mbele ya uso wako. Hono alipoletwa niliona raha. Hakuniita akiwa nje, alikuja akanigusa. Nilikuwa nashangaa akina mama wanaosema watoto wana kelele. Nikajua huyu wangu ni mpole. Kumbe tulikuwa wawili. Nimezeeka na hili ndiyo nalijua mwaka huu.

Sasa ule mkono. Nilikuwa naujua na sikuuandika makusudi. Umeuliza mara moja, na nikisubiri uulize tena nitakuwa nimekudanganya, basi nakuambia. Si gari. Ni wewe. Kila ulipokuja na kuondoka alisimama barabarani akaliangalia gari mpaka lipotee kwenye kona. Kesho yake ananiuliza kwa mkono huo huo. Hajawahi kusikia unaitwa nani. Hilo ndilo jina alilokupa.

Usilie. Au lia, maana ulisema hujalia.

Naomba umrudishe. Huku anaelewa na anaeleweka. Shule ya mikono ya nini na mikono anayo?

Mama yako


Rusimbi,
11 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na masikio. Ningejua ningekuwa naandika tangu zamani.

Jina langu nimelisoma. Nilikunja barua nikaenda kuanua dagaa kwa sababu wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Kongo. Tulipomaliza nikaifungua tena, nikaangalia kama nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya. Jioni akanifanyia, kiganja kifuani halafu mbali, na mimi nikaitika. Ningefanya nini? Anayeitwa ni mimi.

Hatarudi, Mama. Huko anaeleweka na mtu mmoja, na mtu huyo ana umri wake na mguu wake. Nisamehe kulisema hivyo. Siku wewe ukiwa hupo, njaa atamwambia nani? Maneno yenu ni mazuri, mimi nimeishi kwa hayo mwezi mzima, lakini hayafiki hata kwa Rozalia. Nataka akutane na mtu asiyemjua, wakaongea, mtu akacheka.

Mbalamwezi hii Elikana alikuwepo. Akasema tumrudishe kwa bibi yake, mbona alikuwa anakaa vizuri. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe." Akasema, "Nitamuulizaje?" Nikamwambia, "Haya." Hajalitaja tena.

Mimi darasani siwezi kukaa. Nikikosa siku mbili mwenye dagaa anamweka mwingine, wapo wanasubiri pembeni na beseni zao. Njoo wewe. Mbuzi watalala kwa Rozalia, shamba litalimwa na mtu. Kitanda kipo, Mwanvua ameweka magunia juu yake, ataondoa. Nilipokwenda kumwandikisha shuleni nilimwonyesha mwalimu ile ya kuuma kidole na ile ya jivu. Akaacha chaki akasema, "Huyu bibi yuko wapi?" Na wewe pia mikono itakufaa, usinifanye niseme zaidi.

Usipokuja nitaacha kazi nikae naye mwenyewe. Tutakula tutakachopata. Lakini Kidahwe harudi.

Mwanao,
Happiness


Kidahwe,
9/6/2024

Kwa Hepi,

Salamu. Siji.

Mimi nina wajukuu, nina jina kanisani. Nikae na watoto wa chekechea kwenye kiti kifupi nifundishwe kunyoosha kidole? Na kila atakayeniona atajua kwa nini nipo pale. Hata huyo mwalimu atanipigia kelele, wakijua husikii wanakupigia kelele wanakutemea mate.

Msalimie mtoto. Mpake mafuta miguuni, si usoni, usoni anachukia.

Mama yako


Kidahwe,
26/6/2024

Hepi,

Mwambie Mwanvua aondoe magunia yake. Mbuzi wako kwa Rozalia, yule mwekundu ana tumbo la kuharisha, nimemwonyesha dawa. Nakuja Jumatatu. Barua hii ikichelewa nitakuwa nimeileta mwenyewe.

Wanitafutie kiti cha mtu mzima.

Mama yako


Rusimbi, mezani,
19 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Ni ajabu kuandikiana wakati tunalala nyumba moja, lakini nikiondoka hamjaamka, nikirudi nikikuambia kitu kwa sauti Dismasi anashtuka na Mwanvua anajibu kutoka chumbani kwake. Afadhali hivi, chini ya kopo la sukari.

Uji uko kwenye chupa. Hono avae sweta, upepo wa ziwa umebadilika. Elikana ametuma migebuka, nimeikausha, wala usimpe Mwanvua yote, naona mmeshakuwa marafiki.

Darasani vipi? Hono nikimuuliza anafanya mikono haraka haraka, napata neno moja nakosa kumi. Naitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyeko nchi ya watu.

Mwanao,
Happiness


Rusimbi, hapo hapo mezani,
20/8/2024

Mwanangu,

Salama. Sweta amevaa, amelivua njiani.

Darasani wamenipa kiti. Mwalimu ananiita mwanafunzi mkubwa. Vidole vyangu havikunjiki kama vyao, nikitaka kusema shule inatoka kitu kingine, watoto wanaanguka chini kwa kucheka, na Hono ndiye anayecheka zaidi, hana heshima hata kidogo. Hawanipigii kelele. Hakuna anayempigia mtu kelele mle ndani.

Nilidhani naenda kusindikiza. Jana mama mmoja mwenye mtoto mle alikuwa ng'ambo ya uwanja, kwenye bomba, mbali. Aliniambia kwa mikono nimsubiri, tuondoke wote, nikamwelewa. Sikukisia. Sikuangalia mdomo. Nilimwelewa neno kwa neno nikiwa nimesimama na mkoba wangu. Nikamjibu sawa. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini mtu kuniambia kitu kutoka mbali nikakipata.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Hono ameuliza swali. Maswali yake yote wewe unayajua, mbuzi wako wapi, fulani yuko wapi. Leo ni swali jingine. Ulikuwa umerudi, umekaa uani na beseni unawe miguu, na Dismasi mgongoni. Sisi tulikuwa mlangoni. Maji yalishatulia na wewe umeyaangalia tu. Hono akanigusa. Akafanya Mama, ile ya darasani, ndiyo mara ya kwanza naiona nyumbani. Akafanya kuumwa. Halafu akainua nyusi, ndivyo wanavyouliza. Mama anaumwa?

Nikamwambia sijui. Hakuridhika. Ameniuliza tena tukila, ameniuliza tena nampaka mafuta.  Naona unavyopita humu ndani, nilidhani ni kazi na kunyonyesha, nikanyamaza kwa sababu wewe ni mtu mzima. Lakini mtoto ameuliza na anasubiri.

Unaumwa?

Mama yako


Rusimbi,
21 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma alfajiri hii nikiwa nimesimama, nikavuta kigoda nikakaa. Leo nitachelewa Kibirizi, na wachelewe kuniona.

Tangu Januari kila mtu ananiuliza hali. Kliniki, sokoni, Elikana kwenye simu, majirani kila asubuhi. Wote nimewajibu sijambo, na wote wameridhika, nami nikaridhika nao. Yeye hajaniuliza hali. Aliniangalia kwanza, ndiyo akauliza.

Sidhani kama naumwa. Sijui. Mwanvua anasema baada ya kujifungua kuna wanaokaa hivi, mwili unatembea na mwenyewe hayumo, na kwamba kuna watu wa kuongea nao. Keshokutwa nampeleka Dismasi kliniki, nitawaeleza na mimi. Nitawaeleza hivi hivi, na jagi, na beseni. Nimeandika ili nisije nikafika pale nikasema sijambo.

Kwa leo ninachojua ni kwamba nimechoka. Nimechoka Mama, na sikuwahi kulisema kwa sababu nilidhani nikilisema nitaanguka. Nimeliandika na bado nimekaa kwenye kigoda.

Akikuuliza tena usimjibu. Usimwambie Mama anasema hivi au vile. Swali ni langu. Tatizo neno la kuchoka silijui, lile lenu la Kidahwe hukuniandikia na la darasani sijalifikia. Jioni nikirudi nionyeshe kabla sijaingia ndani, pale nje kwenye ngazi, taratibu, mara mbili tatu mpaka vidole vyangu vishike. Na kama yeye atakuwa amelala, mwamshe.

Mama Hono